Maoni: Shaba inatoka kwetu, ufundi nao utoke kwetu

Jumamosi moja ya kipwe, asubuhi mapema, mutoto wa ndugu yangu alikuja kunitembelea hapa Annexe, daftari lake la elektroniki chini ya kwapa. Yuko mwaka wa mwisho wa shule ya ufundi. Sheria ya Ohm anaijua kwa kichwa. Ukimuuliza transista ni nini, anakujibu mustari kwa mustari, sawa vile mwalimu aliandika ubaoni. Nikamupatia chuma cha kuchomelea, kikiwa kimeshapata moto. Akakishika upande wa moto.

Hakuungua sana. Tulitia mukono wake ndani ya maji ya baridi na mambo yakaisha. Lakini mimi sikusahau. Kisha miezi michache kijana huyu atapata diploma ya serikali yenye kusema kwamba amesomea elektroniki, na siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kushika chombo cha kwanza cha kazi hiyo. Kosa si lake. Si la mwalimu wake pia, kwani mwalimu anafundisha makumi ya wanafunzi ndani ya chumba kisicho na meza ya kazi wala kipimo cha volti. Ninaandika maneno haya kwa sababu ninaamini kwamba jambo hili linaweza kutengenezwa, na halitaomba feza nyingi. Linaomba tuache woga wa kufungua mashini, na tuache haya ya kuiga.

Sanduku lenye kuhesabu mpaka nane

Siku hiyo juu ya meza yangu kulikuwa sanduku la mbao. Mbele yake kuna buto nane za kuzungusha, na taa ndogo nane zinazowaka moja kisha ingine, kutoka kushoto kwenda kuume, halafu zinaanza tena. Kijana akauliza: « Papa, hii iko mashini ya nini? » Nikamujibu: « Iko mashini ya kuhesabu mpaka nane. » Akacheka, akafikiri ninamuchezea.

Lakini ni kweli, haifanyi kitu kingine. Wenye kupiga muziki wa umeme wanaiita sekwensa. Ile ya zamani iliyojulikana sana ni Moog 960, iliyotoka katika karakana ya Robert Moog kule Trumansburg, jimbo la New York, Marekani, mwisho wa miaka ya 1960. Ilikuwa na safu tatu za buto, kila safu buto nane. Mashini yenyewe haitoi sauti hata kidogo. Kazi yake ni kutuma volti: ikifika kwenye hatua ya kwanza, inatuma volti ya buto ya kwanza; ikifika kwenye ya pili, inatuma volti ya buto ya pili. Sinte iliyofungwa pembeni inapokea volti hiyo na kuigeuza kuwa noti. Sheria ya Moog ni rahisi: ukiongeza volti 1, noti inapanda oktava 1 nzima. Oktava ina nusu-toni 12, kwa hiyo nusu-toni moja ni karibu milivolti 83. Mushike hesabu hiyo, tutairudia.

Mashini ya namna hiyo ndiyo ilizungusha muziki wa « Phaedra » ya Wajerumani wa Tangerine Dream mwaka wa 1974, na ndiyo ilibeba « I Feel Love » ya Donna Summer mwaka wa 1977, wimbo ambao Giorgio Moroder aliutengeneza karibu wote kwa sinte. Wewe unayecheza leo kwenye ndoa kule Kamalondo ao Katuba, wakati piano ya orkestra inajipigia ngoma yenyewe, unacheza na mujukuu wa mashini hiyo.

Moog 960 ya asili leo ni mali ya wenye feza na ya nyumba za makumbusho. Lakini tangu 2020 kampuni ya Behringer inauza nakala yake kwa bei isiyofika dola 200. Ndipo watu wananiuliza: kama nakala inauzwa, juu ya nini kupoteza usiku wako ukitengeneza ya kwako, tena ya kuiga? Wazee si walisema anayemuiga tembo hupasuka?

Ile ya kununua ingepiga muziki na mimi ningebaki vile nilivyokuwa. Ya kwangu ilianza kunifundisha siku ile iliposhindwa.

Nakala ya kwanza ilinidanganya

Ndani ya 960 ya asili kulikuwa transista nyingi, moja moja. Sikuiga hizo. Niliiga kazi yake, kwa vipande ambavyo mutu wa Lubumbashi anaweza kupata. Cha kwanza ni chipu 555, ambayo Hans Camenzind, mutu wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, aliichora mwaka wa 1971. Hiyo inapiga mapigo, kama moyo. Cha pili ni chipu 4017, yenye miguu 16 na milango 10 ya kutokea. Kila pigo la 555 likiingia kwenye muguu wa 14, 4017 inazima mulango mumoja na kuwasha unaofuata.

Buto zilitoka kwenye meza ya sauti ya kanisa moja, iliyokuwa imetupwa nyuma ya jengo. Waya zilitoka ndani ya televizyo iliyokufa. 4017 ndizo niliagiza, kumi pamoja, zikapitia Kasumbalesa ndani ya muzigo wa mufanyabiashara. Kati ya kumi, nne zilikuwa zimekufa mbele ya kuzaliwa. Toka siku hiyo ninapima kila kipande mbele ya kukichomelea.

Jioni ya kwanza mashini ilipiga, nikafurahi kama mutoto. Kisha saa mbili hivi, muziki ukaanza kuteremuka. Hakuna mutu aliyegusa kitu, lakini wimbo ulikuwa unashuka polepole, kama mutu anayelala akiimba.

Kwetu Annexe, komini hii inayozunguka karibu muji wote wa Lubumbashi, umeme hauna ahadi. Wengi tunaishi na pano ya jua na batri ya volti 12. Batri iliyojaa ina karibu volti 12,6. Ukiitumia inashuka, tuseme mpaka 11,8. Katika nakala yangu ya kwanza, buto zilikuwa zinakula umeme wa batri moja kwa moja. Noti niliyoiweka kwenye volti 3 ikabaki na volti 2,8 tu. Mupige hesabu na zile milivolti 83: noti imeanguka zaidi ya nusu-toni mbili. Wimbo ulioanza kwenye Do ulimalizika chini ya Si bemoli.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Hata batri ikijaa, noti za asubuhi hazikuwa sawa na za muchana. Nilitafuta wiki mbili. Mwizi alikuwa diodi. Kila buto ilifungwa na diodi, ili volti ya buto moja isirudi kwenye ingine. Diodi inakula karibu volti 0,6, na kiasi hicho kinabadilika karibu milivolti 2 kwa kila digri ya joto. Wakati wa kipwe, asubuhi na muchana wa Lubumbashi zinaweza kuachana digri 15. Mara 2, ni milivolti 30, zaidi ya theluthi moja ya nusu-toni. Asubuhi ya baridi noti ziko chini, muchana zinapanda.

Dawa niliipata kidogo kidogo. Kwanza, chipu 7805, ile ya miguu mitatu inayokaa ndani ya mashini nyingi zilizokufa: hata batri ikishuka mpaka volti 9, yenyewe inatoa volti 5, haibadilike. Buto zote zikaanza kula kwake. Pili, nikatoa diodi na kuweka chipu 4066. Kila moja ina viwashio vinne ndani yake, kwa hiyo mbili zinatosha kwa hatua nane. 4017 inaamuru ni kiwashio gani kifungue njia. Tatu, nikaweka LM358 mwishoni, ili sinte isivute umeme wa buto. Hiyo niliikuta kwenye kadi ya shaja iliyoungua. Toka hapo, kipimo changu cha volti kinasoma namba ile ile asubuhi, muchana na usiku.

Ndugu musomaji, sikuandika haya yote ili kukuchokesha kwa majina ya vipande. Ninataka uone kitu kimoja. Sheria ya Ohm, tabia ya diodi, kazi ya 7805: mambo haya yote yako ndani ya daftari la mutoto wa ndugu yangu. Ameyapatia alama nzuri. Lakini ndani ya daftari diodi haijawahi kumuharibia wimbo, kwa hiyo hajui kwamba joto la muchana linaweza kuingia ndani ya sirkwi yake. Mimi sikusoma kuliko yeye. Mimi nilikuwa tu na sanduku lililokataa kutembea.

Kutoka nane kwenda sita

Hapo nilikuwa nimemaliza kuiga. Kilichobaki ni kubadilisha, na ndiyo kazi tamu.

Namba nane haikuja bure. Muziki mwingi wa huko ilikotoka mashini hiyo unahesabiwa kwa nne na nane. Ngoma nyingi za kwetu zinahesabiwa kwa sita na kumi na mbili, tena mikono inapingana: mukono mumoja unapiga mbili wakati mwingine unapiga tatu. Kweli, 960 ya asili ilikuwa na viwashio vya kuruka hatua ao kusimama, maana hata waliyoitengeneza walijua kwamba nane haitoshi kwa kila wimbo. Lakini mwenye kuinunua anaanza na nane, na wengi wanabaki na nane.

Ndani ya sanduku langu, waya mumoja ndio unaamua. Unatoka kwenye muguu wa 9 wa 4017 na kwenda kwenye muguu wa 15, ule unaorudisha hesabu mwanzoni. Ndiyo maana inahesabu nane. Nikauhamisha kutoka muguu wa 9 mpaka muguu wa 5. Waya ule ule, chipu ile ile: mashini ikahesabu sita. Kisha nikaongeza 4017 ya pili na safu yake ya buto, nikaziachia zote mbili kufuata 555 moja. Moja inahesabu nane, ingine inahesabu sita. Zinaanza pamoja, zinaachana, zinatafutana, na zinakutana tena kisha mapigo 24. Jirani yangu, aliyekuwa anasimama nje ya dirisha kila jioni ili kulalamika, aliniambia: « Sasa hapo ninasikia ngoma. »

Kuna jambo lingine. Buto haina noti zilizopangwa mbele. Piano ya kanisa inakupatia Do ao Re bemoli. Katikati hakuna kitu. Buto inapita pote. Niliomba likembe kwa muzee mumoja wa Kisanga, aliyeipanga kwa sikio lake sawa vile alivyorithi, nikazungusha buto moja moja mpaka sauti ya sinte ikakaa juu ya kila ulimi wa likembe. Mbili kati ya hizo haziko kwenye piano yoyote. Muzee alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ya tano bado iko juu kidogo. Alikuwa na haki. Nikaishusha.

Wako wanaosema kwamba muziki wa mashini unaua muziki wa wazee. Ninaelewa woga wao, na kwa mashini ya kununua ambayo noti zake na hesabu zake zilifungwa kiwandani, wana haki kwa sehemu kubwa. Lakini mashini ambayo unaweza kuhamisha waya wake inakubali kusahihishwa na muzee wa Kisanga.

Si jambo la kigeni kwetu

Tusifikiri kwamba kuiga na kubadilisha ni tabia mupya. Gitaa haikuzaliwa Katanga. Lakini wakati Hugh Tracey alimurekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka wa 1952, ulimwengu ulisikia vidole vilivyofanya gitaa moja iseme kama mbili. Wapiga gitaa wa inchi za mbali wamejaribu kumuiga toka wakati huo. Chombo kilikuwa cha kuletwa. Namna ya kukipiga ilikuwa ya hapa.

Karindula ni mufano mwingine, wa karibu zaidi. Chukua pipa tupu ya mafuta, ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mbao na nyuzi nne: umepata banjo kubwa ambayo hakuna kiwanda kinauza. Mwaka wa 2011, kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa diski na filamu ya vikundi vya karindula vilivyopigia hapa Lubumbashi. Kampuni hiyo hiyo ilitoa « Congotronics » ya Konono N°1 mwaka wa 2004. Kikundi hicho cha Kinshasa, cha marehemu Mingiedi Mawangu, kilitaka likembe isikike katikati ya kelele za muji. Walitengeneza mikro kwa sumaku za magari ya zamani. Mikro hizo zilikwaruza sauti, na mukwaruzo huo ndio watu wa Ulaya walikuja kuupenda na kuulipia tiketi.

Tena kabla ya wote hao, wazee wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimwaga katika umbo la musalaba, misalaba iliyotumiwa kama feza mbele wazungu hawajafika. Watu hao walijua joto, walijua hewa ya mvukuto, walijua wakati madini yako tayari. Hakuna aliyewaandikia ubaoni.

Ramani ya inchi ndani ya sanduku

Usiku mumoja nikiwa ninachomelea, nilijiuliza: vitu hivi vilitoka wapi? Waya ni shaba, na shaba ndiyo ilizaa muji huu. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, na shaba ya kwanza ilimwagwa hapa Lubumbashi mwaka wa 1911. Risasi ya kuchomelea ninayotumia ina bati kwa sehemu kubwa, na bati inachimbwa Manono na Kivu. Kuna kondensateri ndogo zinazotengenezwa kwa tantali, ambayo inatoka kwenye koltani. Batri za simu nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwenye udongo wa Lualaba na Haut-Katanga.

Madini yanaondoka na malori, yanapita Kasumbalesa, yanavuka bahari. Yanarudi yakiwa chipu zilizofungwa, tunayanunua kwa dola, na siku yanapoharibika tunayatupa ao tunayachoma. Hapa Annexe nimeona watoto wakichoma waya wapate shaba ya kuuza kwa kilo. Moshi mweusi unaingia ndani ya vifua vyao. Ndani ya kadi ambazo wanazitupa pembeni kama takataka, kuna 7805, kuna LM358, kuna kondensateri nzima. Mutoto anauza gramu chache za shaba na kutupa shule nzima.

Hapo ndipo ninaona hasara kubwa ya inchi yetu. Tunazungumuza kila siku juu ya bei ya kobalti, juu ya mikataba, juu ya nani anachukua nini. Ni mazungumuzo ya lazima. Lakini hata tungepata mikataba mizuri kesho, nani atafanya kazi ndani ya viwanda vya batri ambavyo wakubwa wanatuahidi? Kijana anayeshika chuma upande wa moto?

« Watu wana njaa, na wewe unacheza na buto »

Maneno hayo niliambiwa mbele ya watu, na mwenye kuyasema ni mutu ninayemuheshimu. Nimuheshimu pia kwa kumujibu.

Mama mumoja jirani yangu alikaa wiki tatu gizani. Kontrola ya pano yake ilikuwa imekufa, na aliambiwa anunue ingine. Niliifungua. Ndani yake nilikuta LM358, ile ile ya sanduku langu, ikipima kama batri imejaa. Ilikuwa nzima. Kilichokufa ni diodi moja, yenye bei isiyofika ya mukate. Niliibadilisha, na jioni hiyo watoto wake walisoma kwa taa. Mimi sikuisomea kontrola mahali popote. Nilikuwa tu nimeshagombana na diodi na LM358 miezi mingi kwa sababu ya muziki, kwa hiyo nilizijua sura zao.

555 inayopiga mapigo ya wimbo wangu inaweza pia kuhesabu dakika za pompi ya maji. 4017 inaweza kuongoza taa za barabara, moja kisha ingine. Tofauti ni hii: ukimupatia kijana wa miaka 17 sirkwi ya pompi, ataifanya mara moja juu ya alama. Ukimupatia sirkwi inayopiga ngoma, ataifanya usiku, ataiharibu, ataifanya tena, na ataita marafiki waje kusikia.

Wengine wananiambia: inatosha kutumia telefone, kuna programu za bure zinazofanya haya yote. Ni kweli, na nzuri sana. Sikatazi mutu. Lakini programu haiwezi kufunguliwa kwa bisibisi, na haitakufundisha juu ya nini kontrola ya mama jirani ilikufa.

Kuna pia wanaogopa afya, na hao nina­wasikiliza. Risasi ya kuchomelea ya kawaida ina sumu. Dirisha likae wazi, mikono ioshwe mbele ya kula, na mutoto mudogo asikae karibu. Televizyo za zamani zenye tumbo kubwa zinaweza kuchunga umeme wa kuua hata kisha kuzimwa. Mwanafunzi asizifungue peke yake. Mambo hayo pia yanafundishwa kwa mikono, na mutu anayejua.

Tunaomba nini

Siombi maabara ya milioni. Sanduku langu lote, pamoja na chipu zilizokufa, halikunigarimu hata dola 40, na nusu yake ni ile chuma ya kuchomelea ambayo nitaitumia miaka mingi.

Kwa wakubwa wa elimu wa jimbo: tangu 2019 serikali imetangaza elimu ya musingi ya bure, na ni jambo kubwa. Lakini kwenye shule za ufundi wazazi wanaendelea kulipa, na wanastahili kupata kitu kwa feza yao. Kila shule yenye masomo ya elektroniki iwe na meza moja, vyuma vitano vya kuchomelea na vipimo vitano vya volti. Mwanafunzi asipate diploma kama hajatengeneza kwa mikono yake kitu kimoja kinachotembea, na kama hajakibadilisha kitu. Kiwe sekwensa, kiwe kontrola ya pano, kiwe ampli. Anayeiga tu apate nusu ya alama; nusu ya pili ni ya kile alichobadilisha na sababu anayoweza kueleza.

Kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi: kampasi ya Kasapa iko hapa hapa Annexe. Wanafunzi wenu wa ufundi wanaweza kuja Jumamosi kufundisha wadogo wao wa sekondari. Hawatahitaji hata teksi.

Kwa makanisa, mabaa na orkestra: musitupe meza za sauti, ampli na piano zilizokufa. Muzipeleke kwenye shule ya ufundi ya karibu. Na wale wanaotengeneza Biennale ya Lubumbashi, ambayo tangu 2008 inaonyesha kazi za wasanii wetu, wafikirie siku moja kuweka pembeni ya picha meza ya vijana wenye vyuma vya moto.

Kwa komini: tafuteni uwanja mumoja wa kukusanyia mashini zilizokufa, ili watoto waache kuchoma waya kwenye barabara. Mwenye kufungua vizuri atapata shaba yake bila moshi, na vipande vizima vitabaki.

Na kwa wazazi: mutoto akifungua radio yako ya zamani, usimupige fimbo mara moja. Umuulize kwanza alikuwa anatafuta nini.

Mutoto wa ndugu yangu alirudi Jumamosi iliyofuata, na kidole chake kimefungwa kitambaa. Mara hii alishika chuma upande wa mukono. Nilimupatia 4017, kadi tupu na karatasi ya miguu yake, nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa amefunga waya kwenye muguu wa 5, na taa sita zilikuwa zinazunguka. Hakuniuliza kama ni vizuri. Aliniuliza: « Papa, na nikiupeleka kwenye muguu wa 6, itahesabu saba? »

Nilijua jibu. Nikamuambia apeleke, tusikie.